Raifo ya babu chini ya kitanda: maswali ya bunduki mnayoniuliza kila msimu

Mahindi ya bondeni yameanza kutoa mbelewele, tikiti zimefikia ukubwa wa kichwa cha mtoto, na kama kawaida ya kipindi hiki simu yangu haina tena maswali ya mbolea. Ni maswali ya bunduki tu. Nguruwe pori wameingia. Viboko wamepanda kutoka mtoni. Mtu amekopa, amelima, amepalilia mara mbili, halafu usiku mmoja anaamka anakuta robo eka imelala chini. Asubuhi anapiga: "Bwana shamba, risasi gani inafaa?"

Wa mwisho kuniuliza alikuja na jambo zito zaidi. Ni kijana anayelima tikiti na nyanya eka nne pembeni ya Mto Mkondoa, huku kwetu Kilosa. Alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, marehemu babu aliacha raifo. Iko chini ya kitanda cha bibi, imefungwa kwenye khanga. Alinunua kwa mzungu wa shamba la mkonge zamani hizo. Nimeangalia kwenye simu, Ulaya zinauzwa hela ndefu. Nikiiuza napata pampu. Nikikosa mteja, basi nitaitumia kwa nguruwe. Unasemaje?"

Nikamwomba siku mbili. Mie nina stashahada ya kilimo, si fundi silaha, ila miaka ya kukaa vijiji vinavyopakana na hifadhi imenikalisha sana na askari wa wanyamapori, na hao wana subira ya kueleza. Jibu nililompa kijana ndilo hili, nimelirefusha kidogo kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye kitu chini ya kitanda.

Hizi namba zina maana gani?

Risasi nzima, ile unayoiingiza kwenye bunduki, ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki nyuma ya ganda, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Namba kama .308 au .375 inataja upana wa kichwa au wa mtutu kwa inchi. Kwa hiyo .308 ni kama milimita 7.8, na .375 ni milimita 9.5.

Hapo wengi wanaridhika na kuondoka, kumbe namba zenyewe zinadanganya. Chukua .30-06. Ile 06 si kipimo chochote, ni mwaka 1906 ambao jeshi la Marekani liliikubali risasi hiyo. Kichwa chake kina upana uleule wa .308 iliyokuja 1952, ila ganda ni refu zaidi. Raifo ya babu wa kijana wetu imeandikwa .318 Westley Richards, risasi ya Kiingereza ya mwaka 1910 iliyopendwa sana Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Ukipima kichwa chake unakuta inchi 0.330, si 0.318. Yaani hata jina la kiwandani si kipimo.

Jambo la kukutoa usingizini ni nguvu. Kichwa cha .22 ndogo kina uzito wa gramu 2.6, na kikitoka mtutuni nguvu yake haifiki jouli 200. Kichwa cha .308 kina karibu gramu 10, kinatoka kwa mita 800 na ushee kwa sekunde, nguvu yake ni kama jouli 3,500. Upana umezidi milimita mbili tu, nguvu imezidi karibu mara ishirini! Sababu ni kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ile .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo nchi nyingi za uwindaji Afrika zinaihesabu kama kiwango cha chini kwa wanyama hatari, kichwa chake ni gramu 19 na nguvu yake karibu jouli 5,800.

Nikikosa risasi yake, naweza kutumia inayofanana?

Hapana. Hapa sina maneno mengine laini.

Risasi ya .308 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06 na ikalipuka. Kwa kuwa ganda ni fupi, halishikwi vizuri, linapasuka, na gesi yenye moto inatafuta njia kurudi nyuma, kwenye uso wako. Kijana wangu alikuwa ameshaambiwa na rafiki yake kwamba .318 "inakula" .30-06 bila shida. Huyo rafiki angekuwa amesimama nyuma ya mti wakati wa kujaribu, nakuhakikishia.

Kwa shotigani hatari ni nyingine, na inawapata hata wazoefu. Namba za shotigani zinakwenda kinyume: namba 12 maana yake ukigawa ratili moja ya madini ya risasi kwenye goroli 12 zinazolingana, kila goroli inaenea kwenye mtutu huo. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Mtu akiingiza risasi ya namba 20 kwenye shotigani ya namba 12 gizani, inateleza na kukwama mbele kidogo ya chemba. Anavuta, hakuna kitu. Anafungua, anaona chemba tupu, anaweka namba 12, anavuta tena. Hapo mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto ulipo. Ndiyo maana viwanda hutengeneza risasi za namba 20 kwa ganda la njano. Rangi ile si urembo.

Na angalia urefu. Shotigani nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65 au 70, lakini siku hizi zipo risasi za milimita 76. Ukiisoma kasha utaona. Risasi ndefu kwenye chemba fupi inaingia vizuri tu, kwa sababu inapanuka mbele ikishalipuka, na presha inapanda kuliko mtutu ulivyotengenezwa kubeba.

Magobore sitayasema sana. Hayana leseni karibu yote, na wengine wanayajaza vichwa vya kiberiti au baruti ya risasi za kisasa, ambayo mtutu wa bomba la maji haukuumbwa nayo. Kwenye kata yangu yupo mzee mmoja ana vidole viwili mkono wa kushoto. Anasalimia kwa mkono huo makusudi, vijana wamwulize.

Risasi ikimkosa nguruwe inaishia wapi?

Hili ndilo swali ambalo hakuna kijana aliyewahi kuniuliza. Naliweka mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikesha na mkulima mmoja kwenye mahindi yake. Alikuwa na leseni, bunduki yake safi, .308, mtu makini. Mimi ndiye niliyeshika tochi. Saa tisa za usiku tukasikia mahindi yanavunjika, nikawasha, macho yakang'aa, akapiga mara moja. Nguruwe wakatawanyika. Tukacheka, tukarudi kwenye kibanda tukachemsha chai.

Asubuhi mama mmoja mtu mzima akaja kwa mguu kutoka ng'ambo ya korongo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na kipande cha shaba na risasi kilichojikunja kama uyoga. "Bwana shamba, hii ni ya kwenu?" Kilitoboa mlango wa jiko lake la nje na kukwama kwenye nguzo. Alikuwa ameamka kupika vitumbua vya kuuza. Akasema neno ambalo bado linanirudia: "Nilisikia mlango unagonga, halafu ndiyo nikasikia mlio."

Na hesabu inamuunga mkono. Kutoka kwenye mahindi hadi kwake tulipima baadaye, ni kama mita 700. Sauti inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio ulimfikia baada ya sekunde mbili. Risasi, hata ikipungua kasi njiani, ilifika baada ya sekunde moja na kidogo. Binadamu hawezi kuikimbia risasi ya raifo kwa kusikia mlio wake, maana ikipita kwake mlio bado uko njiani.

Sasa mita 700 si mbali hata kidogo. Ile .22 mnayoiita ya njiwa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu ikipigwa kwa kuinuliwa. Raifo kama .30-06 inafika karibu kilomita tano. Marisau madogo ya shotigani yanaishia mita mia mbili au tatu, ndiyo maana kwenye mashamba yaliyobanana shotigani ni salama zaidi kuliko raifo. Lakini shotigani hiyohiyo ukiitia risasi ya kichwa kimoja inapeleka mbali zaidi. Na maji si ukuta. Ukimpigia kiboko mtoni kutoka ukingoni, kichwa kikigusa maji kwa mlalo kinaruka kama jiwe bapa la watoto na kuendelea upande ambao hukuuchagua.

Tulitoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi siku ileile. Mkulima alinyang'anywa bunduki kwa miezi kadhaa wakati wa uchunguzi. Mlango tulimtengenezea mama, yeye na mimi tukichangia mbao. Tangu siku hiyo sishiki tochi ya mtu ambaye hajanionyesha mchana, kwa kidole, kitu gani kiko nyuma ya kila upande wa shamba lake. Kilima, kichuguu kikubwa, ukingo wa udongo, hivyo vinameza risasi. Mstari wa mahindi haumezi kitu.

Mbona nalenga vizuri na bado nakosa?

Kwa sababu risasi inaanguka tangu inapotoka mtutuni, sawasawa na jiwe ulilolidondosha mkononi. Tofauti ni kwamba yenyewe inakwenda mbele kwa kasi wakati ikianguka. Kwa sehemu ya kumi ya sekunde kitu chochote kinaanguka karibu sentimita tano. Raifo ya .308 iliyowekwa shabaha mita 100 itapiga chini kama sentimita 10 ukiwa mita 200. Kwa .22 iliyowekwa shabaha mita 50, ukifika mita 100 imeshuka zaidi ya sentimita 12.

Lakini shambani usiku unampiga mnyama mita 20 au 30, si 200. Hapo kosa linatoka kwingine: darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita nne hivi, na kwa karibu sana risasi inapiga chini ya pale unapoona msalaba. Na mikono inatetemeka. Mtu aliyetoka usingizini, ana hasira ya mkopo, anapiga kivuli. Sijui risasi ya kurekebisha hilo.

Basi, kwa mnyama gani?

Kwanza sheria, kwa kifupi. Mnyamapori ni mali ya Serikali, awe ndani ya hifadhi au kwenye nyanya zako. Leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kuua mnyama. Ukilazimika kumuua kuokoa uhai, unatoa taarifa haraka, na nyama, ngozi au pembe si vyako. Tembo, kiboko na nyati mwachie afisa wanyamapori wa wilaya na askari wa TAWA. Nimemwona kiboko aliyejeruhiwa na marisau ya ndege. Aliishi wiki tatu, na wiki hizo tatu hakuna aliyechota maji mtoni kwa amani.

Nguruwe pori ana ngozi nene na mafuta. Ile .22 itamjeruhi, ataingia kwenye majani, na wewe utamfuata gizani na tochi. Mnyama mwenye meno yale anayekusubiri kwenye matete si utani. Mwenye kibali na .308 au shotigani yenye marisau makubwa anaweza kufanya kazi kwa usafi, ila nina swali kwa mnaofuga: mzoga mnaupeleka wapi? Nguruwe pori na ngiri wanabeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua. Ukiuburuta mzoga hadi nyumbani, ukauchuna karibu na banda, mabaki yakaliwa na nguruwe wako, unaweza kuzika banda zima, na hatuna chanjo ya kukupa. Mtu anaokoa magunia mawili ya mahindi anapoteza nguruwe arobaini. Hesabu gani hiyo?

Kwa ndege msinichekeshe. Kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kundi la ndege milioni moja ni tani 10. Kasha la risasi za shotigani lina 25. Pigeni simu halmashauri mapema, wakati bado wako kwenye malalo, kundi linyunyiziwe kwa ndege.

Kwa tembo, uzio wa mizinga ya nyuki, mzinga au mfano wa mzinga kila mita kumi, waya ukiwaunganisha wote, umefanya kazi Kenya na hapa kwetu, na asali unauza. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu zinasaidia zikipakwa upya baada ya mvua. Kwa nguruwe, fyeka ukanda wa mita tano kuzunguka shamba ili wasifike wamejificha, na usilime mahindi yaliyogusana na pori. Hayo tumeyasema sana, siyarudii.

Na thamani ya raifo ya babu?

Tumerudi kwa kijana. Bei aliyoiona kwenye simu ni ya kweli, ila ni bei ya huko. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalipia historia: jina la fundi, mwaka, mbao za asili, namba zinazolingana kwenye kila kipande. Wamarekani kwa mfano wanalipa zaidi kwa Winchester Model 70 iliyotengenezwa kabla ya 1964, kwa sababu mwaka huo kiwanda kilibadilisha utengenezaji. Mkulima wa Kilosa hauzi kwenye soko hilo.

Hapa thamani inaamuliwa na mambo mengine. La kwanza ni karatasi. Bunduki isiyo na leseni haina bei, ina kesi. Leseni ni ya mtu, babu alipofariki leseni ilifariki naye, na bunduki ilipaswa kukabidhiwa polisi. Mrithi anaomba leseni yake mwenyewe, kuanzia ngazi ya kijiji na kupanda, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hata mnunuzi lazima awe na kibali, na uhamisho unapita polisi. Biashara ya kukutana njiani na mtu wa pikipiki inakupeleka jela ninyi wote wawili, na bunduki inaishia kwenye ujambazi ambao utakurudia kwa namba ya kiwandani.

La pili ni upatikanaji wa risasi. Raifo ya .308 iliyochakaa ina faida kwa mtumiaji kuliko .318 nzuri, kwa sababu .318 hutaikuta dukani. La tatu ni ndani ya mtutu. Fundi akiangalia kwa mwanga anataka kuona mifereji ile ya mzunguko ikiwa mikali na inang'aa, maana ndiyo inayozungusha kichwa kiende sawa. Ikiwa ina kutu na vishimo, hakuna kupolisha kutakakorudisha. Na hapo, kijana wangu, ile khanga ilikuwa adui. Kitambaa kinavuta unyevu na kuushikilia kwenye chuma, miaka kumi na mbili ya masika chini ya kitanda. Nilimwambia asiiguse wala asiibebe kwenye bodaboda. Aende kwanza na mjomba wake na mwenyekiti wa kijiji, watoe taarifa kituoni kabla hawajaulizwa, wamwonyeshe askari ilipo, na wabebe karatasi yoyote ya babu iliyobaki.

Walikwenda Jumatatu. Askari walikuja kuichukua, wakaandika namba, wakatoa stakabadhi. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu karibu wote. Mjomba ameambiwa anaweza kuomba leseni akitaka, naye hajaamua. Pampu kijana ameinunua na wenzake watatu, ya petroli ya inchi tatu, wanapokezana kwa zamu na wameshagombana mara moja kuhusu nani alimaliza mafuta. Bibi hakudai bunduki wala stakabadhi. Aliuliza tu kama khanga yake itarudi.